KUMTEMBEZA MGENI KATIKA MJI WA UGENINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kasulu)



Bwana Katibu alipotuandikia alitutaka tuseme juu ya faida za safari. Tuliomba ruhusa ya kuligeuza jambo hilo kidogo, naye akakubali. Habari za msafiri mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Sisi twapenda kunena habari za yule ampokeaye msafiri: mtu akaaye katika mji usio wake, akajiwa na rafiki kutoka kwao, na kutakiwa amtembeze. Kazi hiyo huonekana nyepesi. Ni miguu na maneno tu. Walakini sisi tuliifanya vibaya, na ubaya ule ulimgharimu mtu tuliyempenda.

Hatutayataja majina yetu katika mkasa huu, wala jina la rafiki yetu, kwa kuwa jambo lenyewe si la watu bali ni la desturi. Yatosha mjue kuwa tulikuwa wawili, wazaliwa wa Kasulu. Mmoja ndiye anayesoma, na mwenzake ameketi pale karibu na dirisha, na maneno haya ni ya wote wawili. Kabla hatujaingia katika utumishi wa umma tulikaa Bujumbura tangu mwaka 2009 hata mwaka 2015, tukiwa makarani wa mizigo kwa mfanyabiashara mmoja. Tulipanga chumba kimoja katika mtaa wa Buyenzi. Kitanda kilikuwa kimoja na mkeka mmoja. Aliyelala kitandani juma hili alilala mkekani juma lililofuata.

Huenda mwanachama akauliza, Je, Bujumbura ni ugenini kwa Muha? Ni swali la haki. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hata mama wa Kasulu na mama wa Makamba huweza kupatana bei ya maharagwe pasipo mkalimani. Tena tangu Wabelgiji walipoishika Kigoma mwaka 1916 hata walipowaachia Waingereza mwaka 1921, Buha na Burundi zilikuwa chini ya mamlaka moja. Na tangu mwaka 2007 Burundi imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo ni kweli. Walakini kuwa jirani si kuwa nyumbani. Ukiisha kuvuka mpaka pale Manyovu, motokaa hupita upande wa kulia, na saa ya mji iko nyuma ya saa yetu kwa saa 1. Barua za ofisi huandikwa kwa Kifaransa, na fedha ni faranga. Nasi tuliotoka katika baridi ya milima ya Kasulu tulilikuta joto la ufukwe wa ziwa, tukalala mlango wazi mwezi mzima wa kwanza.

Sasa twaja kwenye barua zetu. Tulikuwa tukimwandikia rafiki yetu mara kwa mara, na baadaye tukawa tukimpelekea picha kwa simu. Tulisimama mbele ya majumba ya Rohero tukapigwa picha. Tulisimama ufukweni, maji nyuma yetu na milima ya Kongo nyuma ya maji, tukapigwa picha. Tulimweleza habari za bandari, na jinsi tulivyoaminiwa funguo za ghala. Tukiyachunguza maneno yetu leo, hatuoni hata moja lililokuwa la uongo. Lakini ninyi makarani mwajua jambo hili kuliko watu wote: kitabu cha hesabu chaweza kuwa sahihi katika kila mstari na bado kikampoteza akisomaye, ikiwa ukurasa wa mapato umeandikwa na ukurasa wa matumizi umeachwa mtupu. Ndivyo zilivyokuwa barua zetu.

Rafiki yetu naye alikuwa karani. Alifanya kazi katika ghala la chakula huko Mtabila, katika kambi ya wakimbizi. Wengi wenu mwaijua kambi ile, lakini vijana waliomo humu hawakuiona, kwa hiyo tutasema machache. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi tarehe 21 Oktoba 1993, watu wengi sana walivuka mpaka wakaja katika nchi yetu ya Kasulu na Kibondo. Mtabila ukawa mji. Ulikuwa na shule, na zahanati, na makanisa, na misikiti, na soko, na mafundi wa kila namna. Watoto wengi walizaliwa pale, wakajifunza Kiswahili pale. Walakini ulikuwa mji wenye mpaka usioonekana: mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita 4 nje ya kambi pasipo kibali. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ilifungwa, na watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi katika muda wa majuma machache. Mahali pale pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Watu walipokwisha kuondoka ghala halikuwa na mahindi ya kuhesabu, na rafiki yetu hakuwa na kazi.

Akakaa mwaka 1 na zaidi akilima. Kisha, mwezi wa Julai mwaka 2014, akatuandikia kwa maneno machache: "Ndugu zangu, nakuja kuutazama mji wenu. Nitafika Ijumaa saa 10 alasiri." Hakusema zaidi, wala sisi hatukuuliza. Tulifurahi, na katika furaha ile tukaingiwa na hofu, maana tulikitazama chumba chetu.

Hapo tulifanya shauri ambalo twaona haya kulisema. Tulikopa fedha, tukamlipia rafiki yetu kitanda katika nyumba ya wageni iliyo safi, mbali na Buyenzi. Tukakubaliana tumwambie kuwa nyumba yetu inapakwa chokaa.

Ijumaa ile tulikwenda kituoni saa 10 kamili, tukamkuta ameketi juu ya sanduku lake. Alikuwa amekaa hapo saa nzima, kwa kuwa aliandika saa 10 ya Tanzania, nasi tukaisoma saa 10 ya Bujumbura. Akacheka akasema, "Kumbe mmekuwa watu wa huku kabisa, hata saa ya kwenu mmeisahau." Tukacheka pamoja naye. Tulipotaka kuvuka barabara alitazama upande aliouzoea, na kama tusingalimvuta shati angalikanyagwa. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza ambalo mwenyeji apaswa kulitoa, nasi hatukulitoa hata gari lilipokwisha kumpita.

Siku ya Jumamosi tulimwonyesha mji kama wanavyouonyesha watu wote. Tulimpeleka kwenye kanisa kuu la Regina Mundi. Tukapita naye katika barabara kubwa iliyopewa jina la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, kisha tukapanda mlimani hata kwenye kaburi lake. Ni mahali pazuri mno. Mtu akisimama pale huuona mji wote umelala chini yake hata ziwani. Tukamweleza kuwa Rwagasore alishinda katika uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule akapigwa risasi akafa, kabla nchi haijapata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962. Tukamweleza pia kuwa alikuwa rafiki wa Julius Nyerere, na kwamba chama cha TANU na chama chake cha UPRONA vilisaidiana. Rafiki yetu alisikiliza kwa heshima, akaandika katika daftari. Alikuwa na daftari dogo la jalada jeusi, na kila tulilosema aliliandika.

Jioni tukaenda ufukweni. Tulimnunulia samaki wa mukeke, aliyechomwa vizuri, kwa fedha zilizokuwa za juma zima. Jua likazama nyuma ya milima ya Kongo, na ng'ambo ya maji taa za Uvira zikaanza kuwaka. Rafiki yetu akauliza, "Nanyi huja hapa kila jioni?" Tukajibu, "Mara kwa mara." Kweli ilikuwa kwamba tangu mwaka uanze tulikuwa tumekuja mara 2, na mara zote 2 ilikuwa kwa kupiga picha.

Siku ya Jumapili tukampeleka Mugere, kusini ya mji, kwenye lile jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley. Wako watu wawapelekao wageni pale wakiwaambia kuwa ndipo mahali wale wazungu wawili walipokutana na kuamkiana. Nasi, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kusema makubwa, tukasema hivyo hivyo. Rafiki yetu akalikaribia jiwe, akasoma tarehe iliyochorwa: 25 Novemba 1871. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, sisi ni watu wa mkoa wa Kigoma. Tulipokuwa shuleni tulipelekwa Ujiji sote, tukaonyeshwa mahali pale penye miembe. Walikutana Ujiji. Hapa walilala tu, walipokuwa wakisafiri kwa mtumbwi kwenda kuutazama mto Rusizi. Mmesahau?"

Hatukuwa tumesahau. Naye aliendelea kutukumbusha, pasipo kujua kuwa kila neno lilituchoma. Kwa nini walisafiri kwenda Rusizi? Walitaka kujua kama mto ule hutoka ziwani au huingia ziwani, maana kama ungalitoka ziwani ukaenda kaskazini, huenda ungalikuwa mwanzo wa Nile. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakaambiwa na wenyeji kuwa mto huingia, lakini hawakuufikia kuuona. Livingstone na Stanley walikwenda wakauona kwa macho: maji yaliingia ziwani. "Basi," akasema rafiki yetu, "safari nzima kwa jambo moja: je, maji huingia au hutoka? Nami pia ndilo lililonileta."

Hatukumwelewa mpaka usiku. Tulipokuwa tumeketi katika nyumba ya wageni, alifunga mlango, akafungua daftari lake. Upande mmoja alikuwa ameandika maneno yetu yote ya miaka 5: majumba, bandari, funguo, ufukwe. Upande wa pili aliandika hesabu ya mambo yake mwenyewe. Alikuwa ameuza shamba lake la migomba na maharagwe, ardhi aliyoachiwa na baba yake, karibu na Mtabila. Fedha alikuwa nazo kifuani, zimeshonwa katika kitambaa. Alikusudia kumleta mkewe na watoto 3, akae Bujumbura, aanze biashara ndogo kwa msaada wetu. Chini kabisa aliandika: "Nyumba: nitakaa kwao hata nipate yangu."

Wanachama wenzetu, hatukulala usiku ule. Tulirudi Buyenzi kwa miguu, mmoja akaketi kitandani na mwingine mkekani, wala hakuna aliyezima taa. Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku zote tulidhani maana yake ni kuwa mgeni huja na zawadi. Usiku ule tulijua kuwa mwenyeji naye huwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wetu ulikuwa haya. Tuliogopa watu wa kwetu wasijue kuwa tumetoka kwa baba zetu wenye mashamba tukaja kulala mkekani. Kwa kuficha mkeka, tulikuwa tumemfanya rafiki auze shamba.

Wahenga walinena tena, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatatu alfajiri tulikwenda kumchukua, tukamwambia, "Leo twakupa jembe. Twende kwetu." Akashangaa, "Chokaa imekauka?" Tukajibu, "Hapana chokaa."

Tulianza kwa kumwonyesha wale wanaume washukao kwa baiskeli kutoka Bugarama, wamepakia mikungu ya ndizi mpaka mpanda baiskeli haonekani, wakishuka ile milima kwa kasi ya kutisha. Tukamwambia, "Ndizi ulizoziona sokoni zimekuja hivi, na faida yake ni ndogo kama uionavyo." Kisha tukampeleka mahali palipokuwa soko kuu. Lile soko liliungua asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali yao yote kwa siku moja. Wako waliokuwa na mikopo ya benki; bidhaa zikateketea na deni likabaki. Tulisimama mbele ya kuta zile nyeusi, tukamwambia, "Biashara ndogo uliyoiandika katika daftari, hawa waliijua kuliko wewe, na hivi ndivyo yalivyowapata."

Ndipo tukaingia Buyenzi. Hapa hatuna budi kunena kwa haki, kwa maana tuliuficha mtaa huu kana kwamba ni aibu, na sivyo. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu zamani. Kiswahili husikika mlangoni kwa mlango. Mafundi wa motokaa hufanya kazi barabarani tangu asubuhi hata usiku. Adhana husikika, na vikaango vya sambusa havipoi. Wafanyabiashara wa mtaa huu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumsaidia Rwagasore. Sisi tuliomwonyesha mgeni kaburi lake mlimani, hatukumwonyesha watu waliosimama naye alipokuwa hai.

Tukafungua mlango wa chumba. Rafiki yetu akaona kitanda, akaona mkeka, akaona jiko la makaa na ndoo mbili za maji. Hakusema neno. Tukaketi sote watatu chini, tukatwaa karatasi, tukamwandikia hesabu kama makarani wamwandikiavyo mkaguzi. Katika kila faranga 10 za mshahara, faranga 4 zilikuwa za chumba, na 4 za chakula, na 1 ya maji na makaa. Ilibaki faranga 1, nayo mara nyingi ilikuwa imekwisha kukopwa kabla haijafika. Tukaandika pia kwamba mwaka ule mwajiri alichelewesha mshahara miezi 2. Tukaandika deni la kitanda cha nyumba ya wageni, na bei ya mukeke. Rafiki yetu akaisoma karatasi mara 2, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari lake. Akasema, "Kumbe maji huingia."

Tulipotoka nje kupata hewa tukakutana na jambo ambalo hatukulipanga. Penye kona aliketi mama mmoja mzee akiuza ndagala. Tulikuwa tukinunua kwake kila juma wala hatukuwahi kumwuliza ametoka wapi. Alipomwona rafiki yetu aliinuka, akapiga makofi, akaita, "Karani wa mahindi! Karani wa Mtabila!" Rafiki yetu akamtambua. Akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitika, "Marahaba, baba," kisha akamwulizia mkewe na watoto wake mmoja mmoja.

Mama yule alikaa Mtabila miaka 15 na zaidi, akarudishwa mwaka 2012. Kwenye mlima wa kwao alikuta shamba linalimwa na mtu mwingine, na kesi haikuisha, akaja mjini. Watoto wake walizaliwa Mtabila. Walipofika Burundi walikuwa wageni katika nchi iliyoitwa kwao. Waliulizana kwa Kiswahili njia ya kwenda mtoni, na wenzao shuleni wakawacheka. Rafiki yetu akamwuliza kama kuna mtu aliyewaonyesha mji walipofika. Mama akajibu maneno ambayo tumeyaweka moyoni: "Hakuna. Lakini siku ile tulipofika Mtabila, mwanamke mmoja wa Kiha alinishika mkono. Hakunionyesha kitu kizuri, maana hakikuwako. Alinionyesha kisima kipi kina maji safi, na njia ipi nisiipite jioni, na mpaka wa zile kilomita 4 uko wapi, nisikamatwe. Kwa hayo watoto wangu waliishi."

Bwana Mwenyekiti, ndilo neno tulilokuja kulisema leo, na lilisemwa na mama muuza ndagala kuliko tuwezavyo kulisema sisi. Yule mwanamke wa Kasulu, ambaye hatumjui jina, alimtembeza mgeni vizuri kuliko sisi wasomi. Alimwonyesha maji na hatari. Sisi tulionyesha kaburi, na kanisa, na samaki wa kuchoma.

Rafiki yetu alirudi Jumatano na fedha zake kifuani. Twapenda kusema kuwa alilipata shamba lake lote, lakini hatukuja hapa kuongeza uongo mwingine. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupanda. Baada ya wazee kukaa na kusuluhisha, alikubali kurudisha nusu ya ardhi kwa nusu ya fedha. Nusu ya pili haikurudi hata leo. Kila tupitapo njia ile twaiona migomba ya mtu mwingine pale ilipokuwa migomba ya rafiki yetu, na twajua ni nani aliyeihamisha.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Aprili 2015 machafuko yalizuka Bujumbura juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na tarehe 13 Mei palitangazwa mapinduzi ambayo hayakufaulu. Watu wakakimbia tena. Maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni kwetu, kipindupindu kikawapiga, na meli ya Liemba ikawachukua hata Kigoma, kisha wakapelekwa Nyarugusu hapa Kasulu. Kwa wingi wao, kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena mwaka ule ule. Sisi tulirudi kwa njia ya Manyovu, kila mmoja na mfuko mmoja. Aliyetupokea ni rafiki yetu. Hakutupeleka kwenye nyumba ya wageni. Alitulaza nyumbani kwake, akatuonyesha nusu ya shamba iliyobaki, akatuambia bei ya mahindi, na ofisi ipi yatafuta makarani, na ipi isiyolipa kwa wakati. Kwa maelezo yale tulipata kazi tuliyo nayo.

Sasa, kwa kuwa miongoni mwenu wako watakaohamishiwa miji ya mbali, na wengine watakwenda kusoma ng'ambo, tunaomba tuyaweke mashauri machache, nayo ni haya:

Kwanza, unapomwandikia mtu wa kwenu, andika kurasa mbili za hesabu. Ukimwambia mshahara wako, mwambie na kodi ya nyumba. Ukimpelekea picha ya jumba, mpelekee na picha ya mlango wako.

Pili, mgeni akifika, mwonyeshe kwanza mambo ya kumlinda: magari hupita upande gani, saa ya mji ni ipi, fedha hubadilishwa wapi kwa halali, hati yake ya safari aiweke vipi, na nani amwulize akipotea njia. Kaburi la shujaa na kanisa kuu havitahama. Vyaweza kungoja siku ya pili.

Tatu, mlaze mgeni kwako, hata kama ni juu ya mkeka. Aliyekuja kwa upendo hatausimanga mkeka. Na kama aliuficha moyoni mpango wake, mkeka utamweleza kweli kabla hajaeleza yeye.

Nne, usiudharau mji uliokupokea ili uonekane mkweli. Hilo nalo ni uongo wa upande wa pili. Bujumbura ni mji mzuri, na watu wake walitutendea mema. Walitukopesha chumvi na makaa, na siku ya hatari jirani mmoja wa Buyenzi alitusindikiza hata kituoni. Makosa yalikuwa yetu, wala mji haukuwa na lawama.

Tano na mwisho, tusisahau kuwa hapa petu pia ni ugenini kwa mtu. Kila mara mtumishi mpya afikapo Kasulu au Kibondo kutoka pwani, na kila mara mkimbizi ashukapo garini, yuko mtu ambaye hajui kisima kipi kina maji safi. Tusimwache aulize peke yake.

Mabibi na mabwana, tumewachosha. Rafiki yetu tumemsomea hotuba hii kabla ya kuileta mbele yenu, ili tusije tukasema mbele ya watu lile asilolikubali. Aliisikiliza yote, akatuomba tuongeze neno moja tu, nalo ni kuwa hatudai kitu. Tumeliongeza kwa kuwa ametuomba. Walakini hesabu ile sisi hatujaifunga, na hatudhani kuwa itafungwa.